Paa la Fundi Adelino

Ukiambiwa kuna nyumba Ufukoni haijawahi kuvuja, basi ama ni mpya ama iliezekwa na Adelino. Miaka thelathini na nane mtu huyu alikula kwa nyundo na misumari ya bati. Mama yake alimvusha Ruvuma mgongoni wakati wa vita vya Msumbiji, akakulia Mtwara, akafundishwa kazi ya paa na fundi mmoja mkali asiyependa maswali. Tangu hapo, kuanzia Mtawanya hadi Mpapura, watu walimwita wakishamaliza kuta.

Kazi yake ilikuwa na saa zake. Alipanda alfajiri, na ilipofika saa tano, bati likishakuwa kikaango, aliteremka akajipumzisha kivulini mpaka jua lipoe. Upande wa juu wa paa aliujua kwa miguu na mikono. Upande wa chini aliujua kimgenimgeni tu. Hata nyumba yake mwenyewe aliingia kulala na kutoka kabla hakujapambazuka.

Mwezi wa kumi, mkewe Rosalina alianguka uani akiwa anapepeta mchele. Kiharusi. Alikaa hospitali wiki tatu, akarudi mkono na mguu wa kushoto umelala, mdomo umeenda upande. Muuguzi alielekeza kwamba alazwe ndani, ageuzwe kila baada ya muda, na apewe maji mara kwa mara. Binti yao Nilza, mwalimu wa shule ya msingi, alichukua asubuhi na jioni. Mchana ulibaki kwa Adelino.

Siku ya kwanza, saa nane, alikuwa ameketi kwenye kigoda pembeni ya kitanda akisikia bati likilia ta! ta! juu ya kichwa chake. Jasho lilimtoka hadi kwenye vifundo vya miguu. Alidhani homa imemshika. Akajigusa shingo, akamgusa mkewe paji la uso, akaona wote wawili wako sawa. Akainua macho.

"Mama Nilza, ndivyo humu ndani kunavyokuwa?"

Rosalina alichukua muda kuyakusanya maneno. "Kila mwaka," akasema. Kisha akaongeza, "Nilikuambia."

Ni kweli alimwambia, zamani, Nilza akiwa mchanga wa kunyonya na mwili umejaa vipele vya joto. Adelino alimjibu kwamba bati ni bati. Sasa alilikumbuka jibu lile. Akachukua ungo akaanza kumpepea mkewe.

Jumamosi alikwenda dukani kwa Emmanueli, muuza vifaa vya ujenzi aliyefahamiana naye miaka mingi. Emmanueli alimtandazia alivyonavyo vya kuzuia joto la bati. Kulikuwa na bodi za jipsamu, laini, zenye maua ya kuchongwa. Kulikuwa na mbao nyembamba za kupigilia chini ya kenchi, yale magogo yanayobeba paa. Kulikuwa na karatasi moja nene inayong'aa kama fedha, katikati ina mapovu ya hewa. Hiyo hupitishwa chini ya bati, ikaachiwa nafasi kidogo, ikalirudisha joto lilikotoka. Karatasi ndiyo iliyokuwa ghali kuliko vyote.

Aliporudi nyumbani na habari hizo, Nilza alitaka jipsamu. "Baba, nyumba zote mpya kule Mtawanya ni jipsamu. Mgeni akiingia anajua ameingia kwa watu."

"Jipsamu ikinywa maji mara moja, inaanguka kitandani kwa mgonjwa," Adelino alisema.

"Si unasema paa lako halivuji?"

 Mzee akarudi kwa Emmanueli akaomba vipande vya kila aina, akavifunga kwenye papi, mbao zinazopigiliwa bati, za chumba cha pili, na chini ya kila kipande akaning'iniza ubao mdogo wenye mshumaa wima usiowashwa. Mshumaa wa nne akauacha chini ya bati tupu. Ilipofika saa nane u nusu, ule wa nne ulikuwa umeinama kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Uliokuwa chini ya mbao uliinama kidogo. Wa jipsamu ulilegea. Wa karatasi ulisimama vilevile. Alirudia siku tatu, na mara zote tatu ikawa hivyo hivyo.

Basi akaingia na kipande cha karatasi mkononi, akakishikilia juu ya kitanda ili mkewe aone.

"Hapana," Rosalina alisema.

"Ndiyo inayozuia joto."

"Inaniumiza macho. Nitakuwa kama samaki kwenye sufuria." Akapumua. "Wewe utaweka. Mimi ndiye nitakayetazama kutwa."

Adelino akaketi. Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuulizwa paa linatazamwaje na mtu aliyelala chali. "Unataka kutazama nini?"

"Majamvi."

Alimaanisha majamvi ya miyaa, kama yale aliyokuwa akisuka mama yake Rosalina. Nilza aliposikia alishika kiuno. "Watu watasema tumekosea, badala ya kutandika chini tumetandika juu!" Lakini Adelino alishaanza kupiga hesabu za kifundi. Karatasi ipite juu, ambako haionekani. Majamvi yabanwe chini yake kwa fito za mianzi. Ni mepesi, na yakilowa yatakauka.

Majamvi yalipatikana kwa bei nafuu kwa kina mama wa Mpapura. Karatasi ndiyo iliyokuwa mlima, maana akiba ya nyumba ilikuwa imekwenda na hospitali. Emmanueli alikuwa na ghala la korosho linalovuja, na hakuna fundi kijana aliyeweza kuona maji yanapitia wapi. Wakakubaliana: Adelino azibe paa la ghala, achukue karatasi ya kutosha vyumba viwili.

Nilza aliomba ruhusa shuleni akashinda na mama yake. Adelino, akiwa na miaka sitini na sita, akapanda tena. Asubuhi nne alitambaa juu ya ghala akibadilisha misumari na kuweka kofia mpya za bati kileleni. Siku ya nne, jua limeshakaza, aliteremka, lakini badala ya kwenda kivulini akaingia ndani. Wanawake ishirini hivi walikuwa wamekaa sakafuni wakichambua korosho, khanga zimelowa migongoni. Wakamwamkia. Alisimama pale mpaka mwenyewe akalowa.

Alimfuata Emmanueli ofisini. "Kileleni nikiinua kofia kidogo, joto litapata pa kutokea. Mvua haiingii, nitaiwekea mdomo."

Emmanueli alicheka bila ubaya. "Mzee wangu, nilikuita uzibe matundu. Unataka kuniongezea?"

 Adelino alibeba karatasi yake akaenda. Wanawake wale waliendelea na kazi yao kama kawaida.

Kazi ya nyumbani ilichukua siku mbili, Rosalina akiwa amehamishiwa kwa Nilza. Aliporudishwa alitazama juu kwa muda mrefu, akasema jamvi la tatu limesukwa na mtu mwenye haraka. Baada ya chakula cha mchana akasinzia, akalala hadi saa kumi. Joto halikuisha, Mtwara haina nyumba isiyo na joto mwezi wa kumi na mbili. Lakini lilikuwa joto la watu, si la kikaango. Mwezi wa kwanza mvua kubwa ilipata upenyo kwenye msumari mmoja, ikachora duara la kahawia kwenye jamvi la mlangoni. Nilza alilitazama duara, akamtazama baba yake, akaenda kuleta beseni. Kufikia Pasaka Rosalina aliweza kuketi mwenyewe na kukata mchicha kwa mkono mmoja, ubao umebanwa na kitambaa. Mguu ulibaki mzito.

Adelino alirudi kazini kwa siku chache kwa wiki. Wateja waliona amebadilika. Kabla ya kupima, alikuwa anauliza nani atakayeshinda ndani mchana. Wawili walimwona amezeeka, wakachukua mafundi wengine. Wa tatu alikuwa Pendo, karani wa bandarini, aliyekuwa akijenga Mtawanya.

"Mimi nashinda kazini, fundi," Pendo alisema. "Ni bibi yangu. Nimemtoa Songea, na miguu haimtoi nje."

"Hajambo lakini?"

"Hajambo. Analalamika tu joto."

Adelino alikunja futi yake. "Nipeleke kwanza nikamsalimie," akasema. "Paa tutalizungumza naye."