Mahubiri ya Mazishi Kutoka Kwenye Simu

Mwanangu, siku niliyomzika Andrea naikumbuka kila ninapopanda kilima hiki cha Kibimba alikolazwa, na siku hizi nakipanda kwa shida. Nilikuwa katekista kijana, mwaka wangu wa kwanza. Padri alikaa mbali, kwa hiyo mazishi ya kigango chetu yalikuwa juu yangu.

Katekista aliyenitangulia alikuwa ameniachia daftari la mahubiri mazuri ya mazishi. Msibani sikwenda kukaa. Nilikuwa na maharage ya kupalilia, na daftari si lilikuwepo? Nikafika kaburini, nikasoma kwa madaha kwamba marehemu ameacha watoto na wajukuu wa kuendeleza jina lake. Watu wakainamisha vichwa. Andrea na mkewe Skolastika hawakupata mtoto hata mmoja, na kijiji kizima kilijua walivyosemwa kwa hilo.

Baada ya maziko nilimwendea mjane kumpa pole.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Katekista, huyo uliyemsema pale ni nani? Mimi simfahamu.”

Hakupandisha sauti. Kanisani hakurudi tena. Nilimtembelea miaka mingi, akanipokea vizuri, akanipa ndizi na maji, ila habari za kanisa hakutaka kuzisikia. Alikufa hivyo hivyo. Niliona aibu, mwanangu, na aibu hiyo haijanitoka mpaka leo.

Sasa wewe, katekista mpya, umekuja na simu yako, unisomee mahubiri uliyoandikiwa na hiyo akili mnemba kwa ajili ya mtoto wa Sesilia, tunayemzika kesho. Nimeyasikia. Ni mazuri kuliko yoyote niliyowahi kutoa mimi, nisikudanganye. Nilipokuuliza kama umeshafika kwa Sesilia, ukasema bado. Nilidhani kosa langu litazikwa na mimi.

Simu sikukatazi. Ikutafutie somo, ikupangie nyimbo, ikurekebishie Kiswahili, maana sisi Wahangaza chetu ni cha shuleni. Lakini yenyewe haijamwona Sesilia alivyokumbatia nguo za mtoto wake. Mungu wetu hakuishia kututumia maneno. Alikuja mwenyewe, akakaa nasi, akalia na waliofiwa. Wewe mtumishi wake utapelekaje maneno mahali usikokwenda?

Nenda leo hii. Kaa mkekani na wafiwa, unyamaze. Uliza mtoto alikuwa anaitwaje pale nyumbani, alikuwa anapenda nini. Ukishasikia, ndipo uandike, kwa simu au kwa kalamu, shauri yako. Hata ukisema maneno machache tu kesho na sauti ikakukatika, mama yake atajua umemzika mtoto wake na si wa mtu mwingine.

Mungu akutie nguvu za kuingia nyumba hiyo, mwanangu. Akuepushe na aibu niliyoibeba mimi maisha yangu yote. Na Jumapili atujalie tumwone Sesilia kanisani.