Jirani wa Kila Mtaa

"Mamdogo, kwani baba mdogo anaishi wapi hasa?"

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la nne, nimesimama nyuma ya kiti chake, kidevu changu begani kwake kama kawaida yangu. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na ukurasa unaosema kwamba Fundi Koki ni jirani yako wa mtaa wa mlimani, anaishi hapa hapa, mpigie, atafika kabla maji hayajaingia sebuleni. Akabonyeza, ukaja ukurasa wa mtaa wa stesheni. Fundi Koki ni jirani yako, anaishi hapa hapa. Akabonyeza tena, mtaa wa kiwandani, Koki ni jirani. Sasa huyo Koki ni mume wake, yaani baba mdogo wangu, na wakati ule alikuwa bafuni kwao anajimwagia maji, anaimba kwa sauti ambayo hata bomba lilikuwa linamwonea huruma.

Mamdogo alicheka mpaka miwani ikamteleza puani.

"Nenda kacheze huko, kiherehere wewe."

Hakunijibu.

Mamdogo ni mdogo wake mama. Tunakaa ua mmoja, mlango wao unatazamana na wetu, kwa hiyo chochote kinachopikwa au kinachogombewa kule, huku tunakipata kikiwa cha moto. Kazi yake ilinichukua muda kuielewa. Ni hivi: sinki likianza kuvuja, mtu hatafuti fundi bora wa mji mzima. Anaandika kwenye simu "fundi bomba" na jina la mtaa wake, maana anamtaka wa karibu, afike sasa hivi. Kwa hiyo fundi anayetaka kuitwa kila mahali anahitaji ukurasa wa kila mtaa. Nani ataketi aziandike zote moja moja? Mamdogo anaandika mmoja tu, anauita ukurasa mama, anaacha mapengo mahali pa jina la mtaa na mambo ya mtaa. Pembeni ana jedwali: mtaa huu alama yake kinyozi, mtaa ule alama yake kituo cha mafuta. Anabonyeza mara moja, mapengo yanajijaza, kurasa zinamwagika kama vifaranga.

"Leo nimetotoa," anasema, ananyoosha mgongo.

Ugumu wake ni kwamba vifaranga vikifanana mno, mtambo wa kutafutia mtandaoni unashtuka, unaona ni maneno yale yale yamenakiliwa, unavitupa chini kabisa ambako hakuna mtu anayeshuka kuangalia. Lazima kila ukurasa uwe na kitu cha kweli cha mtaa ule. Na vya kweli vya mtaa anavijua nani? Anayeingia ndani ya nyumba zao.

Hapo ndipo kazi ya mamdogo ilipokutana na ugonjwa wa mamdogo. Mamdogo ana wivu, na simsingizii, mwenyewe anakiri. Mama anasema siku ya harusi alimnunia mpiga picha, dada wa watu, kwa sababu kila mara alikuwa anamwambia bwana harusi, "Tabasamu!" Halafu baba mdogo naye ana mwanya na maneno matamu, na riziki yake iko majikoni na mabafuni ya watu.

"Dada, hebu nitajie kazi nyingine," mamdogo alimwambia mama siku moja, "ambayo mwanamume anaingia bafuni kwa mke wa mtu, na anakaribishwa."

"Daktari?"

"Daktari haendi na spana."

Basi kila jioni, baba mdogo akishanawa mikono, mamdogo alimkalisha kando ya kompyuta. Umeenda kwa nani? Geti rangi gani? Nani alikufungulia? Ulipomaliza alisemaje? Alisemaje hasa, kwa maneno yake? Baba mdogo anajibu huku anakula, mamdogo anachapa.

"Ni kwa ajili ya kurasa," alikuwa anasema.

"Na hilo la kama alikuwa amevaa kanga au dera, nalo ni la kurasa?"

"Kula, chakula kinapoa."

Lakini kurasa zilipendeza kweli! Ule wa mlimani uliandika kwamba nyinyi wa nyumba za geti jeusi nyuma ya kinyozi, maji yenu hukatika asubuhi na kurudi kwa kishindo, ndiyo maana koki zenu hazidumu. Nani mwingine angejua hilo? Zikapanda mpaka juu. Simu zikawa haziishi, na zote zinaingia kwa mamdogo kwanza, maana namba aliyoweka ni yake, yeye ndiye anayempangia mumewe safari. Wapuliza dawa ya mende na waosha masofa wakaanza kubisha hodi uani kwetu: "Dada, na mimi nifanyie kama za Koki."

"Za Koki zina kiungo chake," mama aliwajibu huku anaanika nguo. "Kaoeni mwenye wivu."

Mtaa mmoja tu ulikuwa mkavu, nao ni wa bondeni. Kila mamdogo akiuliza habari za bondeni, baba mdogo anasema, "Kule? Kawaida tu." Geti? "Kawaida." Watu? "Watu wa kawaida." Ukurasa wa bondeni ukabaki mifupa mitupu, na bado simu za bondeni zilikuwa nyingi kuliko zote. Mamdogo akaanza kuutazama ule ukurasa kwa jicho la pembeni, utadhani umemtukana.

Halafu siku moja ikapigwa simu. Mamdogo aliiweka kwa sauti kubwa kwa sababu mikono yake ilikuwa na povu la sabuni, ndiyo maana na mimi nilisikia.

"Habari, dada. Huyo jirani yetu yupo? Mwambie mwenye duka la nguo hapa bondeni anamuulizia. Leo hatujamwona."

"Hamjamwona wapi?"

"Kwake."

"Kwake wapi?"

"Si hapa nyuma ya duka anapokaa, jamani. Halafu kwani wewe ni nani?"

Mamdogo alitazama povu likimtiririka mkononi mpaka kwenye kiwiko. "Mimi ni wa ofisini," akasema, akakata simu kwa kiwiko hicho hicho.

Nilidhani jioni ile patachimbika. Wapi! Aliuliza mageti yake kama kawaida. Ila baba mdogo alipokwenda kuoga, mamdogo alichukua funguo zake mezani, akazishika moja moja. Zote zilikuwa nyeusi za zamani, ninazijua, isipokuwa mmoja mpya unang'aa. Akaurudisha taratibu usilie. Mtu aliyeuliza rangi za mageti ya mji mzima, ufunguo hakuuulizia. Mimi hilo ndilo lililoniogopesha.

Kesho yake akaniambia nivae. "Mtu akituuliza, tunatafuta viatu vyako vya shule."

"Lakini vya kwangu bado vizima."

"Basi tunatafuta vingine."

Alijipaka mafuta, akavaa gauni lake la sherehe, tukaondoka. Bondeni hatukuhitaji hata kutafuta. Yule mama wa duka la nguo, mnene, mchangamfu, tepu ya kupimia shingoni, alituonyesha kwa kidole: "Jirani Koki? Mlango ule wa kijani. Wewe ni mteja?"

Mamdogo alimwangalia kuanzia kichwani hadi kwenye ndala. "Mteja," akasema.

"Utafurahi. Mstaarabu huyo! Jioni anakaa hapo kimya na redio yake, hana fujo na mtu."

"Anakaa na nani?"

"Si ndiyo hapo tunapojiuliza. Mke hajawahi kumleta."

Mamdogo aliubisha ule mlango kama anaudai. Baba mdogo akafungua, na mwanya wake ukapotea usoni.

Kilikuwa chumba kidogo. Mabomba yalitundikwa ukutani kwa kufuata ukubwa, mipira ya koki kwenye kopo, redio ndogo dirishani. Kulikuwa na kiti kimoja, na juu ya kiti kulikuwa na mto wa maua ya zambarau ambao mamdogo alikuwa ameutafuta nyumbani mpaka akamsingizia paka. Mezani palikuwa na kikombe. Nilimwona mamdogo anaangalia nyuma ya mlango, chini ya meza, kwenye rafu. Nikachelewa kuelewa kwamba anatafuta kikombe cha pili. Hakikuwepo.

"Nani anakaa hapa?"

"Mimi."

"Na nani?"

"Na mabomba."

"Koki, usinifanye mtoto."

"Mke wangu, wewe ndiye uliyeandika ninaishi hapa." Alisema polepole, akichezea spana. "Watu wanakuja na simu mkononi wananisomea. Kuna mzee alinizungusha mtaa mzima, anataka nimwonyeshe nyumba yangu, anasema jirani gani huyu asiye na mlango. Niliona haya. Nikatafuta mlango."

"Mlimani nako una mlango? Stesheni?"

"Kule hawakuniuliza."

"Na mbona hukuniambia?"

Baba mdogo akageukia dirishani. Redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo, akaipunguza. Kisha akasema, bila hasira hata kidogo, "Hapa haniulizi mtu geti lilikuwa rangi gani."

Mamdogo aliketi juu ya ule mto wake.

"Ningekuta mwanamke," akasema, "ningejua pa kuanzia. Chumba nakifanyaje?"

Alijua pa kuanzia, kumbe. Tuliporudi alifungua kompyuta hata kabla ya kuvua gauni, akaenda kwenye jedwali, akaufuta mstari wa bondeni. Akabonyeza. Ukurasa ukatoweka, na simu za bondeni zikakatika kama zimefungwa kwa koki. Mama alimkuta bado ameketi pale.

"Yaani wewe unaonea wivu kiti?"

"Ndiyo, dada. Kiti. Kinakaliwa na mume wangu kwa hiari."

"Utamkosa huyo mtu kwa mkono wako mwenyewe. Mimi simo."

Basi baba mdogo akawa harudi tena na vumbi la bondeni. Jioni yuko nyumbani mapema, anaketi pale pale kando ya kompyuta. Mamdogo alikuwa amempata mzima, kuanzia kandambili hadi kofia. Geti? "Jeusi." Alisemaje? "Asante." Na yule mwingine? "Jeusi." Hakubisha wala hakununa. Bafuni ndiyo hakuimba tena, na sisi uani ambao zamani tulikuwa tunamcheka, tukaanza kutega sikio kama tumepotelewa na kitu. Mamdogo alichapa hayo mageti meusi, kurasa zikaanza kufanana, zikaanza kushuka. Ule wa mlimani ulianguka mpaka chini ya fundi mmoja ambaye hata picha yake ilikuwa imelala ubavu.

Mama alisema kimya cha baba mdogo ni cha mtu anayefunga mizigo kichwani. Mamdogo alimsikia. Nilijua alimsikia kwa jinsi alivyoangusha sufuria.

Jioni moja akaacha kuchapa. "Bondeni hawasemi kitu?"

"Wananipigia kwenye simu yangu. Wanauliza jirani kahamia wapi."

"Na yule wa duka la nguo?"

"Huyo ndiye anayeuliza kuliko wote." Baba mdogo alimtazama machoni. "Kaniunganisha na mzee mmoja wa ghala, ana matangi mengi. Hilo tu."

Mamdogo aliivuta kompyuta karibu. Kisha akauandika upya mstari wa bondeni, herufi kwa herufi, kama anang'olewa jino. Akafungua ukurasa mama, akafuta neno "anaishi hapa hapa". Likafutika mlimani, stesheni, kiwandani, kila mahali kwa mpigo mmoja. Halafu akarudi bondeni peke yake, akaliandika tena kwa mkono. Hakuuliza geti.

Akainuka, akaenda kabatini, akatoa kikombe chake mwenyewe, kile cha mdomo wa dhahabu ambacho sisi watoto haturuhusiwi hata kukinusa. Akakizungushia gazeti, akakitumbukiza kwenye begi la spana.

"Cha nini?" baba mdogo akauliza.

"Nikija, nisikose cha kunywea."

"Utakuja lini?"

"Unaniuliza maswali?"

Baba mdogo akacheka, na mwanya ukarudi mahali pake. Kesho yake asubuhi bomba la bafuni likaonewa huruma tena.

Sasa niko kidato cha tatu. Mamdogo ameajiri wasichana wawili wa kujaza majedwali, na ana sheria moja: neno "anaishi" haliingii kwenye ukurasa mama. Juzi nilikuwa nyuma ya kiti chake, ingawa siku hizi kidevu kinampita kichwani, nikauona ukurasa wa bondeni unapita. Fundi Koki ni jirani yako, anaishi hapa hapa. Nikamkumbusha kwamba kuna swali alinikwepa nikiwa mtoto.

Mamdogo akavua miwani, akaifuta kwa pindo la kanga, akaitazama saa ya ukutani.

"Mchana anaishi bondeni. Giza likiingia, anaishi hapa. Na wewe siku ukipita kule jua limeshazama, ukaona taa ya mlango wa kijani inawaka, unipigie. Kama huna salio, omba simu ya mtu. Ila si ya yule wa duka la nguo."