Aliye Safarini Hachorwi

Nilipokuwa mtoto pale Old Moshi, nyumbani kwetu waliishi watu wadogo ambao mbele yao hatukuruhusiwa kupiga chafya. Aliwachora shangazi yangu Aikande, dada yake baba, kwa chaki laini za rangi alizoachiwa na mama mmoja wa Kizungu aliyemfundisha kushona misheni. Kila mmoja alitosha kiganjani: bibi harusi mwenye shanga kifua kizima, mzee aliyejitanda ngozi ya mbuzi, mama mwenye waya mkononi mpaka kwenye kiwiko. Mavazi yale sisi hatukuyakuta. Tulikuta gauni za misheni na kaptula za kaki, na shangazi mwenyewe aliyapata kwa kumsikiliza Bibi, mama yake, akisimulia.

Chaki ile ilikuwa vumbi tupu. Ukipumua vibaya, bibi harusi hana pua! Kwa hiyo shangazi akimaliza alijaza mdomo maziwa yaliyoenguliwa, akayapuliza juu ya picha kama dobi anavyonyunyizia nguo maji, ili rangi ishike. Bibi aliguna, "Ng'ombe akamuliwe, karatasi inywe. Makubwa haya!" Lakini alikuwa akicheka. Nikizikumbuka asubuhi zile, ukungu umeingia hadi mlangoni na migomba haionekani, naona kama nasi tulikuwa vumbi la rangi ambalo bado halijapulizwa maziwa.

Jambo moja tu Bibi hakulifanyia mzaha. "Chora waliokufa, chora waliopo," alimwambia shangazi. "Aliye safarini hachorwi. Ukimchora, umemlaza chini."

Sote tulijua anamsema nani. Baba mdogo Eliringia, kitinda mimba wake, alikuwa amechukuliwa Keya, jeshi la Waingereza, kwenda vitani Burma. Kwetu kitinda mimba ndiye anayebaki na wazazi, ndiye anayerithi kihamba, yaani nyumba na migomba yake na makaburi ya wazee yaliyomo. Bibi alimngoja kama anavyongojwa mtu aliyekwenda sokoni. Chakula chake kilitengwa, na ole wako mtoto ukikigusa. Picha yake hatukuwa nayo hata moja.

Shangazi akamchora. Hakusema kwa nini. Niliketi karibu yake nikitazama kidole chake kikisugua shavu la kahawia mpaka likawa la mtu. Alimvika ngozi, akampa mkuki kama babu zake, yeye aliyekulia ndani ya kaptula. Uso ulikuwa mdogo kuliko ukucha wangu, lakini nilimtambua nikapiga kelele, "Baba mdogo!" Shangazi akaniziba mdomo.

Mimi na shangazi tukateremka naye mjini, pamoja na wenzake wa chaki, hadi Njoro kwa Mzee Shabani mpiga picha, ambaye mama yake alikuwa mtu wa Pangani na baba yake Mmanyema. Shangazi alitaka watu wake wapigwe picha kabla hawajapukutika. Mzee Shabani aliwasimamisha mmoja mmoja barazani juu ya sanduku la chai, akangoja wingu lifunike jua, akajitia ndani ya kitambaa chake cheusi. Alipofika kwa baba mdogo akatoa kichwa.

"Binti, huyu yu hai?"

"Yu hai," shangazi alijibu upesi.

"Alhamdulillahi. Wenzake wote wanatazama pembeni. Huyu ananitazama mimi."

Akapiga. Akasema picha zitachelewa, maana karatasi zake zilikuwa adimu wakati ule wa vita.

Kabla hazijafika, alifika tarishi wa mangi, mtawala wetu. Alikataa kiti, akakataa na mbege, pombe yetu ya ndizi, na kwa Mchagga mtu akikataa vyote viwili umeshaijua habari yake. Eliringia amefariki Burma, tangu kabla ya mvua za vuli. Amezikwa hukohuko.

Shangazi akaanguka chini. "Mimi ndiye niliyemlaza! Mama, nilimchora!"

Bibi hakulia. Aliingia ndani akafunga mlango.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya kuliko msiba wenyewe, kwani Bibi hakusema na bintiye hata neno. Baba akajaribu kumtuliza shangazi. "Aikande, tumia akili. Amekufa kabla ya vuli. Wewe ulipomchora mvua zilikuwa zimekwisha."

"Basi kaka, ni nani aliyenisukuma nimchore?"

Baba akainuka akaenda migombani. Swali hilo mimi sina jibu lake mpaka leo.

Ndipo shangazi alipokata jani la sale, ule mmea tunaouotesha mipakani na makaburini, akalifunga fundo, akapiga magoti mlangoni kwa Bibi. Kwetu ajaye na sale mkononi hakataliwi, hata kama amemwaga damu. Alipiga magoti mpaka umande ukamkaukia mgongoni. Mwishowe mlango ukafunguka. Bibi akalipokea jani, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka kabisa.

"Mlete."

"Nani, mama?"

"Mwanangu. Huyo uliyemchora. Serikali imeniletea maneno, na maneno hayazikiki. Huyo ndiye mwili nilio nao."

Tukamzika migombani kando ya babu. Baba alitaka kuchimba shimo dogo, Bibi akakataa katakata, likachimbwa kaburi la mtu mzima. Mwinjilisti alikohoa kidogo, kisha akasali kama kawaida. Bibi alimviringisha mwanawe katika jani kavu la mgomba, na alipomwona alivyo mdogo chini kule ndipo alipolia, kilio kilichofika barabarani. Shangazi akamshika kiunoni wakalia pamoja.

Baadaye zikaja picha za Mzee Shabani. Baba mdogo alitoka kwenye bahasha akiwa mkubwa kuliko alivyochorwa, bila rangi. Shangazi alimpelekea Bibi picha hiyo. Bibi akaitazama, akairudisha.

"Wangu nimeshamzika," alisema. "Huyu wape watoto."

Picha hiyo ninayo mimi. Sura yake halisi imenitoka; wajukuu wakiuliza, nawaonyesha kijana aliyevaa ngozi ambayo hakuivaa kamwe. Zamani nilidhani Bibi aliogopa chaki. Sasa naona aliogopa kwamba siku tutakayomchora tutakuwa tumeanza kumkumbuka, na mama anayengoja hataki mwanawe akumbukwe. Nami ni mama, na ningemkataza shangazi vilevile.