Chumba cha Upande wa Kibla

Baba yangu ni askari wa lango katika hoteli moja ya Diani, na watoto wake ametulea vile anavyopokea magari: simama, shusha kioo, sema unakwenda wapi na nani anakungoja. Hata ukitoka dukani na kibiriti atataka kujua kwa nini umepita njia ile ukaacha hii. Kwa hiyo msinishangae. Wenzetu wa pwani hurithi minazi, sisi tumerithi kushuku.

Mwaka nilioitwa chuoni kusomea uchoraji, hakugomba. Sisi ni watu wa bara, tuliletwa huku na shamba la skimu, upande wa juu unaoelekea Kinango, na kwetu mtoto akisema anakwenda kusomea kuchora, watu hungoja amalize sentensi. Baba alingoja. Alipoona sina la kuongeza, akasema, "Sawa, sitakukataza. Lakini shangazi yako amekushikia nafasi ya udobi kwenye hoteli anayofanya kazi. Nitakuja nione unapolala. Nikiona kitu kimoja tu kisichonipendeza, begi linarudi nyumbani na wewe unakwenda kukunja mashuka."

Basi mtaelewa. Wenzangu walikuwa wakitafuta bweni. Mimi nilikuwa nikitafuta ruhusa ya kushika brashi, na ruhusa yenyewe ilikuwa mikononi mwa mtu anayepekua watu kwa mshahara.

Chuo chetu hapo Ukunda hakikuwa na mabweni yake. Kilikuwa kimekubaliana na nyumba tatu za watu, na kila mwanafunzi alichagua mwenyewe. Baba siku hiyo alikuwa zamu, nikaenda peke yangu.

Nyumba ya kwanza ilikuwa karibu na barabara ya mahoteli, gorofa mpya, vigae mpaka kwenye ngazi. Meneja wake alikuwa kijana wa bara aliyevaa miwani ya jua ndani ya nyumba. "Karibu siz," akaniambia, "hapa ni sefu kabisa, kamera kila kona, wewe ni kujibamba na raha zako tu." Nikaishika kamera ya kwanza kwa macho, nikaufuata waya wake ukutani mpaka nyuma ya tangi la maji, na huko nikaukuta umekatika, ncha yake imefungwa mfuko wa nailoni.

"Sasa hii inamwona nani?" nikamuuliza.

"Inatisha wezi."

"Na mwizi akiufuata waya kama mimi?"

Akacheka sana. Mimi sikucheka, nikashuka ngazi zangu.

Nyumba ya pili ilikuwa Bongwe, ya watu wa kanisani, watu wa bara kama sisi. Mama mwenye nyumba alinipokea kwa lugha ya kwetu, akanipa chai, akanionyesha chumba safi kilichofagiliwa mpaka chini ya kitanda. Baba angelia kwa furaha. Nikamwambia ninasomea uchoraji, akaomba kuona nilichochora. Nikampa mchoro wa mkono wa mamangu umeshika mwiko wa ugali. Akautazama, akaugeuza, akautazama tena.

"Huyu mama amevaa nguo?"

"Ni mkono tu, mama."

"Naona ni mkono. Nauliza huko kusikoonekana."

Lo! Nikamaliza chai yangu, nikamshukuru, nikaondoka. Mtu anayeshuku hata pasipochorwa kitu, huyo amenishinda, na mimi sipendi kushindwa.

Ya tatu ilikuwa nyumba ya zamani nyuma ya msikiti, ya bibi mmoja mjane, mtu wa hapa hapa. Vyumba vilizunguka ua, na wasichana wa mwaka wa pili walikuwa wamekaa kibarazani wakichambua mchicha. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaanza: hujambo mwanangu, umeamkaje, baba hajambo, mama hajambo, nyumbani hawajambo wote, shamba limepata mvua? Alipomaliza yeye wakaanza wale wasichana, mmoja baada ya mwingine, yale yale. Nikajiambia, hawa wanakusanya habari. Wanataka kujua nina nani nyuma yangu. Nikawajibu kwamba baba hajambo, ni askari, na ana mbwa wawili. Hatuna hata paka.

Bibi akanionyesha vyumba. Vyote vilikuwa na mtu na nusu, vitanda vimebanana. Kimoja tu, mwisho wa ua, kilikuwa kitupu, na hicho alikifungua mwisho, kwa uzito, kama asiyetaka. Nikaingia, nikasahau kila nililofundishwa na baba. Dirisha kubwa la upande wa kibla, yaani kaskazini! Mchoraji yeyote atakwambia: dirisha la kaskazini halipigwi sana na jua, mwanga wake ni mtulivu, hautembei ukutani ukakuharibia kivuli. Nilitaka kulia.

Kisha akili ikanirudia. Chumba bora nyumba nzima, nacho kitupu, na wasichana wengine wanalala miguu kwa vichwa. Kwa nini? Nikageuka, nikawakuta wale wasichana wameacha mchicha wao, wananitazama.

"Kina nini chumba hiki?" nikauliza.

"Hakina kitu," akasema mmoja, mrefu mwenye sauti ya upole. "Kizuri sana. Sisi tumezoea tu kule."

"Na mlango ule?" Kwenye ukuta wa nyuma palikuwa na mlango mwingine, wa mbao, wenye komeo lililoshika kutu.

"Unatoka nyuma," akasema Bibi.

Mtu mwenye akili angekimbia. Lakini dirisha lile lilikuwa limenipata. Nikasema nakitaka. Wasichana wakatazamana. Bibi akanipa ufunguo pole pole, akasema, "Haya mwanangu. Ushakipenda, ni chako."

Siku hiyo hiyo nikalisukuma kabati mpaka kwenye mlango wa nyuma, nikaliegemeza na ubao wangu wa kuchorea. Mlango wa mbele nikawa naufunga kwa ufunguo, niwemo nisiwemo, na ufunguo nikauvaa shingoni. Nikatulia. Nilitulia mpaka alfajiri.

Alfajiri mtu alibisha. "Hodi," sauti ya chini. Nikanyamaza. "Hodi," tena. Nikavuta shuka. "Hodi," mara ya tatu, kisha nikasikia miguu ikiondoka. Na nyuma ya kabati, nje ya mlango ule wa kutu, kitu kilikuwa kikigonga, to, to, kikapumzika, to. Nikakaa kitandani nimeshika kijiko, maana ndicho kilichokuwa karibu.

Asubuhi nikafungua mlango nikakuta ndoo ya maji imewekwa kizingitini, imefunikwa sahani. Hakuna aliyesema ni ya nani. Na kila niliyekutana naye uani aliniuliza, "Umelalaje?" Umelalaje, umelalaje, kila mmoja, na jicho linakwenda kwenye mlango wangu. Jamani, mbona kulala kwangu kumekuwa habari ya mji? Yale maji sikuyaonja wala sikuyaoga. Baba ametufundisha usile wala usinywe cha mtu usiyemjua. Nikayatumia kuoshea brashi, yaliyobaki nikapigia deki.

Ikawa hivyo wiki nzima. Alfajiri hodi tatu, kisha miguu. Nyuma, to, to. Asubuhi ndoo na sahani. Mifereji ya uani ilikuwa mikavu tangu nilipofika, jambo la kawaida Ukunda, mimi nikinunua maji ya chupa na kuoga chuoni. Niliwaona wasichana wakirudi na ndoo vichwani kutoka upande wa msikitini, kanga zimelowa mabegani, na nikiingia uani mazungumzo hukatika. Nikaanza kuamini kwamba katika chumba kile pamefia mtu. Nikaamini pia kwamba wananitoa pole pole ili mmoja wao akichukue. Nikaamini yote mawili kwa pamoja, mradi niwe na la kuamini.

Baba akipiga simu nilimwambia kuzuri, baba, kuzuri mno. Ningemwambia nini? Neno moja tu la hodi za alfajiri, na ningekuwa nakunja mashuka Ijumaa.

Akaja Alhamisi, ametoka zamu, na sare yake na kofia. Baba hapigi hodi. Anaingia, ndiyo kazi yake. Aliwapita wasichana uani, akaingia chumbani kwangu moja kwa moja, akaweka kofia mezani juu ya michoro yangu, akaanza kupekua. Dirisha akalitikisa nondo. Godoro akaliinua. Akafika kwenye kabati.

"Hili mbona limekaa hapa?"

"Kuna mlango nyuma, baba."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui."

Akanigeukia. "Umelala wiki nzima na mlango usioujua?"

Akalivuta kabati, akalipiga komeo kwa kiganja mpaka likaachia. Mlango ukafunguka. Nje palikuwa na ua mdogo uliozungukwa na ukuta pande zote, na katikati kisima, cha kuta za mawe zilizofikia magoti. Ndoo ya kuvutia maji ilining'inia kwenye kamba yake, na upepo ulikuwa ukiigonga ukutani. To, to.

Nikaishika ile ndoo, mlio ukakoma. Baba hakuniangalia. Alirudi uani, na nikamsikia akiuliza kwa sauti yake ya langoni, "Na ufunguo huu ni wa wapi?" Nikatoka. Alikuwa amesimama kibarazani, mkono umeelekea msumarini kando ya kalenda, pale ninapopita kila siku. Ufunguo ulining'inia hapo. Sikuwahi kuujali, nilidhani ni wa stoo.

"Ni wa chumba chake," akasema Bibi, hata hakuacha kukuna nazi yake.

Baba akauchukua, akafunga mlango wangu, akaufungua. Ukaitika mara moja. Nikamwona shingo inavimba. "Chukua begi," akaniambia. "Ufunguo wa chumba cha mtoto wangu uko ukutani, kila apitaye anaweza kuushika! Chukua begi sasa hivi."

Sikuchukua. Nilikuwa nikilitazama dirisha langu kupitia mlangoni, nikisikia mashine za dobi masikioni.

"Baba," akasema yule msichana mrefu, ameinamisha kichwa kwa adabu, "ufunguo huo uko hapo tangu sisi hatujaja. Chumba hiki ndiyo njia ya kisimani. Ndiyo maana hakuna anayekitaka, ukilala humo kila mtu anapita. Mifereji ikikauka, wote huchota humu."

Baba akageuka kwake. "Na wiki hii mmechota wapi?"

"Msikitini."

"Na ufunguo uko hapa."

"Ndiyo, baba."

"Naye mchana yuko chuoni, chumba kitupu. Mngefungua mkachota mkafunga, angejuaje?"

Msichana akamtazama kana kwamba hajaelewa swali. "Tumebisha kila alfajiri, hakuitika. Hodi tatu usipoitikiwa, unaondoka. Mwenyewe hajasema karibu, tutaingiaje?"

"Kwa nini hamkumwambia?"

Hapo Bibi akajibu. "Kwangu mgeni haombwi kitu mpaka azoee. Naye alikipenda chumba, niliona machoni. Ningemwambia kuna kisima angekiacha. Tukasema tungoje, tumpelekee maji, atazoea." Akanigeukia mimi. "Yale maji yalikutosha, mwanangu?"

Wallahi nilitaka ardhi inimeze. Walikuwa wakiyabeba kichwani kutoka msikitini, na mimi nikipigia deki. "Yalinitosha, Bibi," nikasema.

Baba alisimama na ufunguo ule mkononi. Tangu nipate akili zangu anafanya kazi ya kuzuia watu wasipite wasipostahili kupita, na sidhani aliwahi kukutana na watu wenye ufunguo, wenye haki, wenye shida ya maji, wanaozunguka mpaka msikitini kwa sababu mtu mmoja hajasema karibu. Aliugeuza ufunguo, akautazama pande zote mbili, akautundika tena msumarini, palepale.

"Haya, piteni mkachote," akawaambia wasichana.

Hawakusogea. "Si wewe, baba," akasema Bibi kwa upole. "Mwenye chumba ndiye asemaye."

Wote wakanitazama, baba pia. Nilikuwa bado nina mashaka, sitawadanganya. Nilijiuliza nani atakuwa akipita nikiwa nimelala, na rangi zangu atazimwaga nani.

"Karibuni," nikasema.

Wakapita na ndoo zao, mmoja mmoja, kila mmoja akivua viatu mlangoni. Baba akawatazama mpaka wa mwisho. Kisha akaniambia bila kunitazama, "Shangazi yako nitamwambia ile nafasi ampe mwingine."

Akaaga, akavuka ua, akafika kwenye lango la nje, akashika kichwa. Kofia. Ilikuwa bado mezani kwangu. Akarudi. Mlango wangu ulikuwa wazi, mimi nimekaa kitandani, wasichana wanavuta maji nyuma, na kofia yake aliiona pale ilipo, hatua moja tu mbele yake. Akasimama kizingitini.

"Hodi," akasema baba.