Mbung'o Walio Chini ya Udongo

Siku yangu ya kwanza kazini, katika kituo cha kudhibiti mbung'o cha Omurushaka, nilikabidhiwa kitambaa cheusi na mti wa kukibebea. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu, miaka michache baada ya vita vya mpakani, nikitegemea kupewa hadubini. Watu wawili walibeba kitambaa kile porini, wakisimama mara kwa mara, na mbung'o waliokifuata wakidhani ni mnyama walinaswa kwa wavu na kuhesabiwa. Kazi hiyo tuliiita duru. Matokeo ya duru ndiyo yaliyoamua ng'ombe walishwe wapi.

Nilimwuliza Mkuu wa Kituo, "Na wale wasiokifuata kitambaa?"

"Hao ni wa chuoni kwenu. Sisi tunahesabu wanaokuja."

Baadaye yeye na mimi tulihamishiwa Kyerwa, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Karagwe. Ukame ulitukuta huko. Tulikuwa tumepulizia dawa bonde zima kwa mabomba ya mgongoni, na duru zilizofuata zikatoka tupu. Mkuu akatangaza mkutanoni kwamba bonde ni salama, mifugo ishuke mtoni.

Wa kwanza kushuka angekuwa Mzee Kagabo, mfugaji ambaye wazazi wake walitoka Rwanda. Lambo lake lilikuwa limekauka. Alibakiwa na ng'ombe tisa. Kundi lake la zamani liliuawa na nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o.

Nilipinga. Mbung'o jike hatagi mayai kama nzi wa chooni. Hubeba buu mmoja tumboni hadi akomae, humwacha kwenye udongo laini kivulini, naye hujizika na kuwa pupa, punje nyeusi yenye ganda gumu. Dawa yetu iliua wanaoruka. Walio chini haikuwagusa.

"Msomi," Mkuu alisema, "niwaambie wananchi waogope nzi wasioonekana?"

"Basi nichimbe, tuwaone."

Asubuhi ya kushuka nilienda na jembe. Mzee Kagabo alisimama ukingoni, fimbo yake ikiwazuia ng'ombe waliokwisha kunusa maji. Nilichimba chini ya gogo, sikupata kitu. Nilichimba kichakani, nikapata maganda matupu.

"Hao wametoka, wakafa," Mkuu alisema. Fimbo ya mzee ikaanza kushuka.

Chini ya jiwe lililoinama nilikuta punje nzima, nyingi. Nilipasua moja kwa kucha. Ndani alikuwemo mbung'o mweupe, mbawa zimekunjwa. Mkuu alimtazama, kisha akageuza uso.

Mzee Kagabo ndiye aliyeniuliza. "Bwana Mbung'o, nikishuka leo?"

"Hawa wakitoka wanatafuta damu. Wataanza kwa pongo wa vichakani humu, ambaye hubeba ugonjwa bila kuugua. Kisha ng'ombe wako."

"Na nisiposhuka, Bihogo atasimama mpaka lini?" Bihogo alikuwa ng'ombe wake mwekundu, aliyekuwa na mimba.

Nilimwambia sijui.

Alipiga mluzi, akawageuza. Wiki zilizofuata watu wa nyumbani kwake, nami na wapuliziaji, tulipandisha maji kwa madebe. Hayakutosha. Bihogo alilala chini akakataa kuinuka, akafa na mimba yake kabla Mkuu hajaamuru bonde lipuliziwe tena wale wa chini walipokwisha kutoka. Tulipochimba tena, tulikuta maganda tu. Wanane walishuka, na nagana haikuwapata.

Vijana wa idara hunitembelea na michoro yao ya idadi ya mbung'o inayopanda na kushuka. Nawauliza swali linalofanana na lile nililomwuliza Mkuu siku ya kwanza: mstari unaposhuka, nani wamekufa, na nani hawajazaliwa? Wengine huchoka nami.

Nimestaafu, na bado sina jibu la swali moja: kama wangeshuka siku ile, Bihogo angepona? Wanane kupona hakuthibitishi kwamba Bihogo angekufa mtoni. Mzee Kagabo huniuliza kila niendapo, nami humwambia sijui. Hunimiminia maziwa ya uzao wa wale wanane. Amewapa wote majina, lakini lile la Bihogo hajampa hata mmoja.