Pua Ambayo Sikuieleza

Kwa miaka minane, kila Alhamisi mchana, rafiki yangu alikuja kula kwangu Molenbeek, mtaa mmoja wa Brussels, na kwa miaka minane alichagua kiti kibaya kuliko vyote: kile kilichobanwa kati ya meza na ukuta. Nilimtania kwamba anaogopa upepo wa dirishani utamvunja mifupa.

"Mudogo yangu," alinijibu, "wewe pika sombe, majani yako ya muhogo. Mambo ya viti uniachie."

Alikuwa Myahudi aliyezaliwa Lubumbashi, mtoto wa muuza vitambaa aliyetoka kisiwa kimoja cha Mediterania. Shangazi zake waliobaki kisiwani walichukuliwa wakati wa Vita Kuu ya Pili, wakapelekwa kambi za mauaji, na hakuna aliyerudi. Alikuwa amezeekea Brussels, lakini hasira zake na vichekesho vyake vilibaki katika Kiswahili cha Katanga. Mimi ni mtu wa Bukavu, mwenye shahada mbili na maoni kuhusu kila kitu. Tulielewana.

Juu ya kiti kile ilining'inia picha niliyoinunua kwenye soko la vitu vikuukuu: mchoro wa dhihaka, uliochapwa Ulaya enzi za mababu. Upande wa kushoto alisimama mtumishi Mweusi na sinia yake, midomo kama soseji mbili. Nilizunguka na nakala ya mchoro huo kwenye kumbi za parokia, kwa projekta, nikieleza jinsi mchoraji anavyommaliza mtu: mistari mitatu ya mdomo, miwili ya macho, basi. Nilipigiwa makofi. Nilijipenda sana ndani ya mhadhara ule.

Upande wa kulia alikaa mtu mwingine, yule anayehudumiwa. Sikuwahi kusema neno juu yake.

Kisha nikaalikwa kwenye parokia ya Ganshoren, upande mwingine wa jiji. Nilipomaliza, mama mmoja wa Goma, anayefanya kazi ya kutunza wazee, alinyoosha mkono.

"Bon, papa, midomo yetu tumeielewa. Na ile pua?"

"Pua gani, maman?"

"Ya huyu mwenye kukaa. Pua kama ndoano, vidole kama makucha, mufuko wa feza kwenye magoti. Nani iko na mwili ya vile?"

"Ni mfanyabiashara tu, maman."

"Mfanyabiashara! Alors, bwana yangu anauzishaka magari, na pua yake haijapinda."

Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka, nikageuka kuitazama picha ukutani, na kwa mara ya kwanza nikamtazama yule wa kulia. Nilikuwa nimesoma vitabu vizima juu ya michoro ile: Myahudi kama tai, Myahudi kama buibui, Myahudi anayeikumbatia dunia kwa kucha, akichorwa na kuchorwa tena hadi watu wakaamini karatasi kuliko jirani yao. Niliyajua yote hayo kama unavyojua namba ya simu ya mtu usiyempigia.

Kisha nikakikumbuka kiti. Rafiki yangu alikaa pale ili picha iwe nyuma yake, asiione.

Wakati huo alikuwa wiki ya tatu hospitalini, kule Woluwe. Moyo ulikuwa umechoka, na madaktari walikuwa wameacha kuzungumzia siku ya kurudi nyumbani. Nilifika kwangu nikaishusha picha, nikaitoa kwenye fremu, nikaichana vipande vidogo kama mtu anayesikia polisi kwenye ngazi. Kesho yake, Alhamisi, nikapanda metro.

"Papa," nilimwambia, "ile picha ya kwangu..."

Hakujifanya haelewi. "Miaka munane," alisema. "Siku ya kwanza nilisema, ataona. Anafundishaka watu ile maneno, ataona mwenyewe. Nikangoja. Kiisha nikazoea. Ni ile ndiyo inaniumiza, kwamba nilizoea. Nilikula sombe yako na ule muntu mugongoni."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Professeur ni wewe."

Nilimwambia nimeichana. Nilitegemea atafurahi. Alifumba macho.

"Imbécile. Mujinga we. Nilitaka uilete. Nilitaka unielezee ile pua, vile unaelezaka midomo. Mbele yangu. Mara moja tu, kabla nikufe."

Niliigeuza karatasi ya menyu ya hospitali, nikachukua kalamu, angalau tuwe na kitu cha kutazama. Sijui kuchora, farasi wangu hufanana na meza. Lakini pua ilitoka kwa mstari mmoja, bila kusita, kisha mgongo uliopinda, kisha vidole. Mkono wangu uliijua. Nilipoinua macho niliona pua ya rafiki yangu, fupi na nene kama ya mjomba wangu. Miaka minane, na sikuwa nimeitazama.

Aliichukua karatasi, akaishika mbali na macho. "Ona," alisema. "Unajua kuchora. Sasa eleza."

Nilifungua mdomo. Sentensi zangu za parokia zilikuja zote, na kila moja ilikuwa na midomo ndani yake. Hakuna iliyokuwa na pua. Nikasema pole.

"Pole si maelezo," alisema, akanirudishia karatasi, akageukia ukuta.

Alhamisi iliyofuata nilikwenda na kurasa nne juu ya pua ile, nilizoandika na kuandika upya juma zima. Binti yake alinisimamisha mlangoni.

"Papa amelala," aliniambia kwa Kifaransa, kwa adabu kabisa.

Juu ya bega lake niliyaona macho ya mzee, wazi, yakitazama dari.

"Nitangoja," nilisema.

"Kama unapenda."

Nilikaa koridoni, kurasa magotini, mpaka wauguzi walipoanza kuwatoa wageni. Ile karatasi ya menyu ilikuwa bado mfukoni mwa koti. Palikuwa na pipa la taka karibu na lifti. Nilisimama mbele ya pipa, karatasi mkononi, nikikumbuka picha niliyokwisha kuichana; lifti ikaja, ikaenda, ikaja tena.