Kanda ya Mwisho ya Masanja

Jamani, naombeni msaada.

Kaka yangu Masanja, tuliyemzika juzi, alikuwa na bendi ya panki, ule muziki wa magitaa makali na kupayuka, hapa Shinyanga miaka ya themanini. Kanda yao ya mwisho ilizomewa hadi kwenye machimbo ya Nyarugusu. Watu walisema ni kelele za walevi. Bendi ikafa.

Mimi pia sikuipenda.

Leo nimeiweka kwenye redio.

Kumbe si kelele! Anamlilia rafiki yake aliyefukiwa na kifusi machimboni, anamwita kwa jina mpaka sauti inakauka.

Mama akauliza, "Nani huyo analia?"

"Ni Masanja, mama."

"Rudisha nyuma, mwanangu."

Nikarudisha. Redio ikaitafuna kanda, ikakatikakatika.

Nani ana nakala, hata mbovu? Mama bado amekaa mbele ya redio, anasubiri.